Dhamana

Kiinua mgongo changu kina matairi sita,
kitanda, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo
na mapazia ya kitenge niliyoshona mwenyewe, Cheyo.
Miaka thelathini na moja nimepima watoto wa watu,
nikasema: nikistaafu, nyumba ndiyo itembee,
mimi nikae.

Basi ikatembea. Hadi Ipole.

Taa ya njano ikawaka, yenye umbo la injini,
nguvu zikakatika kama za mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma.
Tukapanda kimwinuko kwa mwendo wa mgonjwa anayekwenda msalani.
Baiskeli za mkaa zikatupita.
Mmoja akatupungia mkono.

Mara ya kwanza, Dar walisema: sensa.
Mara ya pili: sensa nyingine.
Mara ya tatu: mafuta ya huko kwenu.
Mara ya nne gari lilikaa kwao siku kumi na tisa,
nikalala kwa shemeji Mbagala, godoro la mtoto, miguu nje.
Likarudi limeoshwa, linang'aa, na karatasi:
*Hitilafu haikuonekana.*

Haikuonekana. Naijua homa hiyo.
Humpanda mtoto usiku, mama akambeba alfajiri;
wakifika kwa daktari mtoto anacheka,
anachezea kalamu ya daktari,
na mama ndiye mwongo.

Nikafanya nilichofundishwa. Daftari, rula, jedwali:
tarehe, saa, joto, ndoo ngapi za asali nyuma.
Tarehe 9, saa nane mchana, Ipole, ndoo kumi na mbili: limezima.
Tarehe 23, saa nane na robo, Ipole, ndoo kumi na moja: limezima.
Tarehe 30, asubuhi ya baridi, gari tupu:
zima kabisa, linaimba.

Nikawapigia, nikawasomea safu kwa safu.
Kijana wa simu, sauti ya maziwa,
akaniita mama mara saba,
akasema nisiwe na wasiwasi, gari liko chini ya dhamana.

Dhamana! Niliwahi kumwekea mdogo wangu dhamana polisi:
nilitia saini moja, akatoka siku ileile.
Hili nimelitilia saini kurasa kumi na nne
na aliyebaki ndani ni mimi.

Halafu kuna Kapela, fundi wa Ng'ambo.
Kila likirudi anakuja, mikono kaifunga nyuma
kama mkwe aliyefika ukweni,
maana kila bolti imepakwa rangi nyekundu
na rangi ikikwanguka, dhamana imekufa.
Anainama. Anasikiliza.
"Mama Sizya, nalijua. Liko hapo hapo.
Ila hapo mimi sina ruhusa."
Anamaliza chai, anaondoka, vidole vinamuwasha.

Jana saa sita usiku dhamana imeisha.
Niliisikia ikiisha, kama friji inaponyamaza.
Kapela kafika kabla ya adhana,
kanawa hadi viwikoni, kachagua spana namba kumi.
Rangi nyekundu ikadondoka chini, chembe chembe,
kama kucha zilizokatwa.

Nusu saa hakusema neno.
Kisha akavuta waya mmoja, mwembamba kuliko uzi wa kiatu,
umechubuka pale unapolalia chuma.
Chuma kikipata joto, mzigo ukikandamiza,
waya unagusa. Kikipoa, unaachia.

Nikautazama. Miezi ishirini na minne, Dar mara nne.
Sikulia. Nikauliza bei.
"Utepe nilikuwa nao," akasema,
akaufunga mara tatu, akaukata kwa meno.

Ndoo kumi na mbili zimepakiwa. Saa nane kasoro dakika tano.
Kapela kakaa kiti cha pembeni, kwa mara ya kwanza
mikono yake haijui pa kwenda.
Daftari liko mapajani mwangu, kalamu haina kifuniko.
Ipole bado kilomita tisa.

Sijaandika kitu.